Swala, maji na chakula ndani ya treni ya Siberia

Anayetoka Dodoma na begi la mgongoni kwenda kupanda treni ya Moscow–Vladivostok, kilomita 9,289 kwa takriban siku saba, aanze kupanga kibla, yaani upande wa Makka, kabla ya kitu kingine. Dodoma tunaelekea kaskazini, tukiinamia mashariki kwa nyuzi 8 hivi, na tumezoea hivyo tangu madrasa. Moscow kibla iko kusini, nyuzi 176 ukihesabu kutoka kaskazini kupitia mashariki. Treni ikienda mashariki, kibla inazunguka: Yekaterinburg ni kama nyuzi 212, Novosibirsk 241, Irkutsk 264, ambayo ni karibu magharibi kamili.

Namba hizo naziandika kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kava la simu. Siitegemei dira ya simu ndani ya behewa, kwa sababu chuma kinaivuruga. Nafungua ramani, naangalia treni inaelekea wapi, kisha nahesabu kutoka hapo. Mwanzoni mwa safari kibla huwa upande wa kulia wa mwendo wa treni. Ukikaribia Irkutsk, inakuwa nyuma, mkiani.

Hilo ndilo linaloamua uswali wapi. Kwenye behewa la vyumba vya watu wanne, nafasi kati ya vitanda viwili vya chini ni nyembamba, nayo inatazama dirisha upande mmoja na mlango upande wa pili. Katika siku za mwanzo inatosha kwa kusimama, kurukuu na kusujudu, ilimradi wenzako umewaomba nafasi mapema. Ukivuka Novosibirsk haifai tena, maana utakuwa unatazama kitanda. Hapo nahamia kwenye ushoroba, ambao umelala sambamba na reli. Alfajiri hauna watu. Behewa la bei nafuu lina vitanda 54 bila milango, na watu wanapita muda wote, kwa hiyo kule nategemea zaidi vituo. Ratiba iliyobandikwa ukutani inaonyesha dakika za kila kituo. Natafuta kituo cha dakika 15 au zaidi na kuswali jukwaani, karibu na mlango wa behewa langu, kwa sababu treni haimsubiri mtu. Wakati wa swala ukikaribia kwisha na hakuna namna ya kusimama, swali ulivyoweza kwa kuheshimu wakati. Kwa sisi wa madhehebu ya Shafi, swala hiyo utailipa baadaye.

Kukusanya swala mbili katika wakati mmoja na kufupisha kunapunguza kazi sana. Adhuhuri, Alasiri na Isha zinakuwa rakaa mbili mbili. Magharibi inabaki tatu. Ukitanguliza Isha wakati wa Magharibi, anza na Magharibi, nuia kukusanya kabla hujaimaliza, na usiache pengo refu kati ya swala hizo mbili. Mwezi wa Juni hili ni muhimu mno: Moscow jua linazama baada ya saa 3 usiku, na huko Omsk na Novosibirsk mwanga wa jioni hauondoki kabisa angani, hivyo kuisubiri Isha ni kukesha. Ukishuka mji fulani ukanuia kukaa siku nne kamili, bila ya kufika na ya kuondoka, ruhusa inakoma.

Saa ya Dodoma na ya Moscow ni moja, kwa hiyo mwanzoni hubadilishi kitu. Irkutsk iko mbele kwa saa tano. Weka simu ifuate saa za mahali ulipo, la sivyo Adhuhuri itakupita ukidhani bado ni asubuhi.

Udhu: bomba la choo kwenye mabehewa ya zamani lina kijiti chini ya mdomo wake. Unakisukuma juu maji yatoke; ukikiachia yanakatika, kwa hiyo mkono mmoja hauko huru. Najaza chupa ya nusu lita na kutawadha kwayo, inatosha. Miguu ndiyo taabu, kuinyanyua kwenye sinki dogo treni ikiyumba. Dawa yake ni khofu, yaani soksi za ngozi zinazofunika vifundo, uzivae ukiwa na udhu. Msafiri anapangusa juu yake kwa siku tatu mchana na usiku, kuanzia udhu unapotenguka mara ya kwanza baada ya kuzivaa. Chupa ya pili, yenye alama, ni ya kustanjia, yaani kujisafisha baada ya haja. Chooni kuna karatasi tu. Vyoo vya mabehewa ya zamani hufungwa treni ikikaribia miji, kwa hiyo tawadha mapema.

Chakula si kigumu. Kila behewa lina tangi la maji ya moto, ya bure. Zabibu kavu na karanga za Soko la Majengo, tende, chai na samaki wa kopo vinanifikisha mbali. Tambi za kumimina maji ya moto ziangalie: jifunze kusoma свинина, ndiyo nguruwe, na халяль, ndiyo halali. Jukwaani uliza andazi lenye kartoshka, viazi, au kapusta, kabichi. Lenye myaso, nyama, liache. Kadi za Visa na Mastercard za benki zetu hazifanyi kazi Urusi tangu Machi 2022. Nenda na dola taslimu, ubadilishe Moscow, na utenge noti ndogo za rubo kwa wauzaji wa jukwaani.