Bakuli la Kwanza

Jumapili, saa nne usiku.

Kucha zangu bado zina kijivu kwenye mizizi. Nimesugua kwa brashi ya nguo na sabuni ya kipande, lakini tope la mawe haliondoki siku hiyo hiyo. Kutwa nzima nimesimama nyuma ya meza katika ukumbi mmoja huku Eastlands, Nairobi, kwenye maonyesho ya watu wanaofanya kazi za mikono kwa mapenzi. Kulia kwangu alikuwa mzee anayeunda ndege ndogo za mbao, kushoto kina mama wa kufuma, na mimi katikati na mashine yangu ya kubiringisha mawe mpaka yang'ae. Sauti imepasuka, miguu inauma, na nataka kuandika kabla sijalala kwa sababu leo, kwa mara ya kwanza, naona kama watu walielewa ninachofanya.

Taabu ya kuonyesha kazi hii ni moja: inachukua mwezi, na maonyesho ni ya muda wa saa saba tu. Mfinyanzi akikaa kwenye gurudumu, utamwona akitoa chungu. Mimi nikiwasha mashine utaona pipa la mpira likizunguka polepole juu ya fito mbili, basi. Ukirudi baada ya saa tano utalikuta linazunguka vile vile.

Mwaka jana nilitaka kuiepa taabu hiyo. Nilipanga mbele mawe yaliyokwisha kung'aa, nikayatandikia kitambaa cheusi na kuyawekea taa. Watu walijaa. Walichoniuliza siku nzima ni "Hili ni ngapi?" Wengine waliuliza kama natengeneza shanga. Nikieleza kwamba jiwe limezunguka wiki nne, mtu anatikisa kichwa kwa heshima, analirudisha kwenye kitambaa na kuondoka. Nilirudi nyumbani na huzuni ambayo sikuweza kumweleza mtu. Ilinichukua miezi kung'amua kwamba kosa lilikuwa mezani kwangu. Nilikuwa nimewapa mwisho wa hadithi, na mwisho haumwachi mtu na la kuuliza.

Kwa hiyo tangu mwanzo wa mwaka huu, kila nilipofungua pipa kuosha mawe, nilitoa konzi moja nikaiweka kando na kuibandika karatasi. Leo nilikuja na mabakuli matano ya bati, yale ya kawaida ya kunywea uji. La kwanza lilikuwa na mawe kama yalivyookotwa, vumbi juu yake. La pili, ya wiki ya kwanza, yaliyosagwa kwa unga mzito wa silikoni kabaidi, namba 60/90. La tatu, ya unga wa 120/220. La nne, ya namba 500. Kadiri namba inavyopanda ndivyo unga unavyokuwa mwembamba, kama ilivyo kwa msasa wa seremala. La tano lilikuwa na mawe yaliyong'arishwa kwa oksidi ya alumini, na hilo nililificha chini ya meza.

Bakuli la kwanza ndilo nililoliweka ukingoni kabisa, mahali ambapo mtoto anaweza kutia mkono.

Sikutarajia litafanya kazi kiasi kile. Jiwe chafu halimwogopeshi mtu. Watu walilishika bila kuomba ruhusa, wakalipima uzito, wakasema "Haya si yako kwetu Machakos yamejaa?" Nikawajibu ndiyo, yamejaa! Kwarizi, lile jiwe jeupe gumu, imetapakaa Ukambani kote, kando ya barabara, shambani, kwenye makorongo mvua ikishapita. Hapo mtu ameshaingia kwenye mazungumzo kabla sijafungua mdomo kufundisha. Kisha mkono wake wenyewe unakwenda bakuli la pili, halafu la tatu, na kidole gumba kinaanza kuuliza kwa nini hili ni kama sukari na lile ni kama ganda la yai.

Saa sita nilifungua pipa. Nilikuwa nimeliwasha Jumapili iliyopita saa ile ile, likazunguka karibu siku saba nyumbani, nikalibeba kwenye matatu likiwa limefungwa, nimelipakata. Nilipobandua mfuniko watu walirudi nyuma nusu hatua. Ndani kuna uji wa kijivu, mzito, na jiwe halionekani hata moja. Msichana mdogo aliuliza, "Anti, kwani yamepikwa?" Nikamwambia hayakupikwa, yamesagana. Pipa likizunguka mawe yanapanda ubavuni, yakifika juu yanateleza na kuporomoka juu ya wenzake, na unga ulio katikati ndio unaokula kingo. Maji nayaweka karibu yafike usawa wa mawe. Pipa silijazi zaidi ya robo tatu, ili mawe yapate nafasi ya kuteleza, wala silitii mawe machache mno, maana hapo mawe yataanguka badala ya kuteleza, na jiwe linaloanguka linapasuka. Yote hayo ni rahisi kuyasema pipa likiwa wazi mbele ya macho yao. Mwaka jana niliyachora ubaoni na hakuna aliyetazama ubao.

Nikamwaga kwenye chungio juu ya ndoo, nikasuuza kwenye besheni, na mawe yakatoka moja moja, ya mviringo, yenye maji. Watoto walipiga kelele. Nakiri hata mimi moyo hunidunda kila mara.

Hapo nilisisitiza jambo ambalo mwanafunzi wa kazi hii lazima alisikie siku ya kwanza: ule uji usiumwage kwenye sinki. Ukituama kwenye bomba unaganda kama simenti, na katika nyumba ya kupanga utagombana na kila mtu wa chini yako. Mimi huuacha kwenye ndoo ukae, maji ya juu namwagilia udongo usio na mboga, tope nalikausha na kulitupa kwenye mfuko uliofungwa. Na kusaga mawe makavu usijaribu kabisa. Vumbi la kwarizi linaharibu mapafu, na mapafu yakishaharibika kwa vumbi hilo hayarudi. Ndiyo sababu kazi yetu yote ni ya maji.

Kulikuwa na kijana mmoja, bila shaka ndiye anayenunua tokeni kwao, aliyeuliza kama mashine haimalizi stima. Nililipenda swali lake kwa sababu lina jibu. Mota yangu ni ya wati 25. Ikizunguka saa 24 inakula yuniti 0.6, na kwa siku 28 ni yuniti 16.8. Alipiga hesabu kwenye simu yake, akaridhika. Akauliza tena: stima ikipotea je? Ikipotea pipa linasimama, unga unatuama chini, na ikirudi linaendelea. Nahesabu saa za pipa kuzunguka, si siku za kalenda. Mwezi wangu wa mawe kuna wakati umefika siku 35.

Nilimwonyesha pia pipa langu la pili, la bomba la plastiki la inchi nne, nililoundiwa na fundi wa jua kali pamoja na fremu ya chuma na beringi nne. Linasaga sawasawa, ila lina kelele kuliko la mpira. Jirani wa ghorofa ya juu aliwahi kuniuliza kama nafuga kitu kinachotafuna usiku. Sasa linakaa kwenye boksi lililotandikwa blanketi kuukuu chini na ubavuni, juu wazi ili mota ipumue.

Lakini mtu wa leo, kwangu, alikuwa mama mmoja wa makamo aliyefika saa nane hivi, akasimama bila kusema neno, akachukua jiwe la bakuli la tatu na kulipitisha kwenye kidole gumba mara mbili. Akasema, "Hili uliliharakisha." Nilishtuka, kwa sababu ni kweli. Konzi ile niliitoa kwenye unga mzito siku mbili kabla ya wakati, mwezi wa tatu, nilipotaka kusafiri. Nikamuuliza amejuaje. Kwao ni Tabaka, Kisii, na amesugua vinyago vya jiwe la sabuni tangu msichana: msasa na maji, kutoka mkali hadi laini, kisha nta. Akaniambia, "Mwanangu, msasa wa kwanza ukiupunja, nta itakuja kukuaibisha." Mimi huhitaji karatasi mbili kulieleza jambo hilo hilo. Mkwaruzo mkubwa hauondolewi na unga mdogo. Unga mdogo unaung'arisha tu, nao unabaki palepale, sasa unaonekana vizuri zaidi.

Nilimwomba akae. Nikampa kiti changu, na kwa muda wa saa nzima tulifundisha pamoja. Aliponiuliza kama jiwe la sabuni linaweza kuingia kwenye pipa, nilitoa msumari nikamwomba yeye ndiye awaonyeshe watoto. Msumari ulilichimba jiwe la sabuni kama jibini. Kwenye kwarizi uliteleza na kuacha alama ya kijivu ya chuma. Kuna kipimo cha ugumu alichokitunga Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812, kutoka 1 hadi 10: ulanga, madini yanayolifanya jiwe la sabuni liwe laini, ni 1, kalisaiti iliyomo kwenye marumaru ni 3, kwarizi 7, almasi 10. Namba zile zinakaa kichwani vizuri zaidi msumari ukiwa mkononi. Na kanuni inayotokana nazo ni kwamba pipa moja lichukue mawe yenye ugumu unaokaribiana. Ukilichanganya laini na gumu, laini litageuka uji.

Kanuni hiyo niliilipia. Kaka yangu aliniletea mawe ya obsidiani kutoka Eburru, huko Bonde la Ufa, kile kioo cheusi cha volkeno ambacho watu wa kale walichongea mashoka ya mkono yanayoonekana mpaka leo kwenye makumbusho ya Kariandusi. Obsidiani ni kama 5 na nusu, tena inavunjika kama chupa. Niliitia pamoja na kwarizi kwa pupa. Ilitoka imetoboka kingo, ina ukungu mweupe mwili mzima, kama kioo kilichopigwa mchanga. Mawe hayo sikuyatupa. Leo yalikuwa na sahani yake mezani, na kila aliyeuliza nilimweleza nilivyofanya na nilivyopaswa kufanya: pipa lake peke yake, vidonge vya kauri vya kulizuia lisigongane, na mwendo wa polepole. Sidhani kuna kitu kilichofundisha zaidi ya sahani ile. Anayeanza anaogopa kuharibu, na akiona cha kuharibika kimewekwa wazi, woga unapungua.

Bakuli la tano nilikuwa nalitoa mwisho, baada ya mtu kupita yote manne. Kabla ya hapo nilikuwa na jambo moja la maji. Unachukua jiwe la bakuli la nne, ambalo likikauka limefifia kama chokaa, unalichovya. Ghafla rangi zote zinatoka, mishipa ya jespa, jamaa ya kwarizi yenye rangi, nyekundu, manjano, yote. Linakauka mkononi, linafifia tena. Maji yameziba mikwaruzo midogo kwa muda, kwa hiyo mwanga haukutawanyika juu ya uso. Kung'arisha ni kuiondoa mikwaruzo hiyo kabisa ili jiwe likae kana kwamba limelowa siku zote. Kila nilipofanya hivyo kisha nikatoa bakuli la tano, nilisikia watu wakivuta pumzi. Hakuna aliyeuliza bei. Naandika hivyo kwa furaha: saa saba nzima, na hakuna.

Mvulana mmoja wa miaka kama tisa alilichovya jiwe mara sita au saba. Akaniuliza, "Anti, sasa kwa nini usiyaache tu ndani ya maji?" Nikamwambia wapo wanaofanya hivyo, wanayaweka kwenye chupa ya maji dirishani, na ni mazuri kweli. Akafikiri. "Lakini huwezi kuyaweka mfukoni." Hapana, huwezi.

Alitoka nje, akarudi na kokoto nyeusi aliyoiokota kwenye maegesho, akataka niitie kwenye pipa. Ilinibidi nimwambie ukweli, na si kitu chepesi kumwambia mtoto aliyekimbia. Kokoto zetu nyingi za Nairobi ni mawe ya volkeno, na ile yake ilikuwa na vitundu vitundu. Vitundu vinaficha unga mzito, unabebwa mpaka hatua ya kung'arisha, na chembe moja tu inatosha kukwaruza pipa zima. Hakulia. Alikwenda kunong'ona na mama yake, mama akafungua mkoba, akatoa kwarizi nyeupe yenye waridi kidogo upande mmoja. Waliiokota kwa susu yake, yaani bibi yake, huko Mwingi, wakati wa likizo, na alikuwa ameizungushia karatasi ya shashi.

"Itarudi?" akauliza.

Nikampiga picha akiwa ameishika, kisha nikaipiga yenyewe kando ya rula: milimita 41, na pengo dogo kwenye kona, umbo la ukucha. Mawe yakishazunguka wiki moja hayatambuliki kwa urahisi, lakini ule mstari wa waridi utanionyesha. Nilimweleza kwamba itapungua, kwamba pengo lile huenda likahitaji wiki mbili za unga mzito badala ya moja, na kwamba nitampigia mama yake kila ninapofungua pipa, hata kama hakuna kitu kizuri cha kuona. Alikubali masharti yote kwa kutikisa kichwa taratibu, kama mtu mzima.

Sasa hivi nimetoka kibarazani. Pipa limeoshwa, nimelijaza theluthi mbili, vijiko vinne vya mezani vya unga wa 60/90, maji. Yake niliiweka ya mwisho, juu ya mengine, waridi ukitazama juu. Nikafunga mfuniko, nikafuta ukingo ukakauka, nikawasha saa tatu na dakika ishirini. Nimeandika saa hiyo kwenye karatasi, nikaibandika ukutani pamoja na jina lake.