Siku Moja ya Fundi wa Vipimajoto mjini Jinja

Saa moja na nusu asubuhi nafungua karakana, na kazi ya kwanza ni kuponda barafu. Naishindilia ndani ya chupa ya chai pamoja na maji kidogo, kwa kuwa mchanganyiko huo hukaa penye nyuzi 0 maadamu barafu imejaa hadi chini, na kila kipimajoto cha leo kitapimwa humo kwanza. Wanafunzi wa mafunzo hupenda kutumia maji yanayochemka wakidhani ni nyuzi 100, ilhali Jinja iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka karibu na nyuzi 96. Kuna vipimajoto vizima vilivyotupwa kwa kosa hilo.

Saa tatu linaletwa boksi la zahanati moja. Vile vya kioo hutumia zebaki, ambayo hutanuka na kupanda katika mrija mwembamba kuliko unywele. Juu kidogo ya tungi lake pana mbano unaoukata uzi wa zebaki usirudi, ndiyo maana muuguzi hukikung'uta. Naviweka kando, kwani mvuke wa zebaki ni sumu, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulipanga visitengenezwe tena. Vya kidijitali vina themista nchani, ambayo ukinzani wake wa umeme hupungua kadiri joto linavyoongezeka.

Saa tano sista ananipigia.

"Fundi, hiki cha kuelekeza usoni kinasema mtoto ana nyuzi 34, na mwili unawaka!"

"Amenyeshewa?"

"Tangu stendi."

Kifaa hicho husoma mnururisho wa infraredi unaotoka kwenye ngozi, si joto la ndani, na maji yanayokauka hupoza ngozi. Namwomba amfute, asubiri robo saa, na kwa sasa atumie cha kwapani.

Saa saba, mama anayetupikia posho, yaani ugali, na maharage ananiruhusu nielekeze kifaa cha infraredi kwenye sufuria lake, mchezo ambao sijauchoka. Ubavu wenye masizi unasoma nyuzi 91. Kifuniko alichokisugua kikang'aa kinasoma 38, ingawa kinaunguza vidole, kwa sababu metali inayong'aa hutoa mnururisho mchache na kuakisi wa vitu vilivyo jirani.

Alasiri nzima naimaliza kwenye mtambo wa kutakasia vifaa vya upasuaji kwa mvuke wa nyuzi 121. Humo hutumika waya wa platinamu wenye ukinzani wa omu 100 penye nyuzi 0, ambao kwa joto hilo hufika omu 146 na ushei. Mita yangu inaonyesha 148, na baada ya saa nzima nagundua kiungo kilichoshika kutu, kinachoongeza ukinzani wake.

Saa kumi na moja barafu imebaki vipande vinavyoelea. Natumbukiza kipimajoto hadi chini ya chupa: nyuzi 2. Viwili vilivyobaki vitasubiri kesho.