Ncha imelala baharini: kufunga maunti ya darubini Amu

Shela, katikati ya Februari. Mwezi hakuna, kaskazi inavuma.

Kijitabu kinachokuja ndani ya sanduku la maunti huanza kwa amri moja: itafute nyota ya kaskazini. Ukiwa Amu, hiyo ni sawa na kutumwa ukatafute theluji uwanja wa Mkunguni. Tupo nyuzi 2 na dakika 16 kusini ya ikweta. Ile nyota ambayo mabaharia wa zamani waliiita Jaa iko chini ya upeo wetu usiku kucha na mwaka mzima. Mtu wa jahazi alianza kuiona akishapanda kuelekea Arabuni. Upande wa pili, ncha ya kusini ya mbingu iko juu ya maji kwa nyuzi 2 na robo tu, ndani ya ukungu wa chumvi. Nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni ya daraja la 5, hafifu hata pale anga ilipo safi. Na hata ungeiona, ingekudanganya: hewa nzito ya chini huinyanyua nuru yake kwa robo ya nyuzi hivi.

Maunti (si mauti, ingawa kuna usiku majina hukaribiana) ni kile kichwa chenye mota mbili kinachokaa juu ya miguu mitatu na kuizungusha darubini kinyume cha mzunguko wa dunia. Kazi yake yote inasimama juu ya sharti moja: mhimili wake mkuu uwe sambamba na mhimili wa dunia. Ulaya mhimili huo hutazama juu angani. Hapa unalala, karibu kama boriti. Matatizo mengi ya kupiga picha za nyota pwani hii yanatoka hapo, ila wengi wetu tunalaumu mota.

Ukienda Ngomeni, kaskazini ya Malindi, utaikuta ile mitambo ya San Marco baharini, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, ya kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Waliorusha walichagua hapa kwa sababu ikweta humpa roketi msukumo wa bure wa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Mwenye darubini hapewi cha bure.

Anza na miguu. Maunti nyingi kipimo chao cha latitudo huanzia nyuzi 10, nyingine 5. Ukilazimisha bolti ya nyuma ishuke chini ya hapo, itapinda, au kichwa kitagusa chuma na kukataa. Dawa ni kuinamisha miguu yenyewe. Pima umbali kutoka mguu wa kaskazini hadi mstari unaounganisha miguu miwili ya kusini. Kwa stendi ya kawaida iliyotanuliwa ni kama sentimita 75. Kuinamisha nyuzi 10 hapo kunataka uinue mguu wa kaskazini kwa sentimita 13. Kipande cha mbao ngumu kinatosha, kichongwe kishimo cha kushika ncha ya mguu. Kisha weka kipimo cha maunti kwenye 12, na kwa kweli utakuwa kwenye 2. Uzito sasa umeegemea kusini, kwa hiyo funga mfuko wa mchanga wa kilo 10 kwenye mguu wa kaskazini kabla hujapachika darubini. Kabla, si baada.

Miguu miwili ielekee kusini na mmoja kaskazini. Vitabu husema kinyume, na kwa nchi zao ni sawa. Hapa fimbo ya mawe ya mizani (yale yanayosawazisha uzito wa darubini) inaning'inia wima darubini inapotazama upeoni, na mguu ukiwa kusini fimbo itaugonga. Kwa baadhi ya stendi, kile kipini cha kurekebishia kushoto na kulia kinaweza kuhamishwa upande wa pili. Kama hakihami, nunua bomba la kuinulia kichwa, la sentimita 16 au 20. Bomba hilo linaokoa pia kamera, maana darubini ndefu ikitazama utosini mkia wake hushuka hadi kwenye miguu. Zungusha kila kitu kwa mkono mchana, vibano vikiwa vimelegezwa, uone kinachogusana. Mota haina macho.

Zile maunti mpya za gia za hamoniki hazihitaji mawe, na kwa latitudo yetu hilo ni nafuu kubwa. Lakini darubini nzima inaning'inia upande mmoja, zinapinduka. Na zinayumba zaidi, kwa hiyo lazima ziongozwe, yaani kamera ya pili iifuate nyota na kuirekebisha mota, kwa picha fupi za nusu sekunde hadi sekunde moja.

Sasa kuelekeza kusini. Dira ya sumaku ni ya kuanzia tu, chuma cha stendi kinaivuta. Wengi hutumia kivuli cha adhuhuri, na hapa ndipo tunapojiumiza. Kwanza, adhuhuri ya Amu si saa sita kamili. Saa zetu zinafuata longitudo 45, sisi tuko karibu 41, hivyo jua hufika kileleni wastani wa dakika 16 baada ya saa sita. Mwezi huu, kwa sababu ya mwendo wa jua lenyewe, ni kama saa sita na nusu. Pili, jua la utosi linakimbia. Katikati ya Februari likiwa kileleni limeachana na utosi kwa nyuzi 11 tu, na mwelekeo wa kivuli hubadilika zaidi ya nyuzi 1 kwa kila dakika. Ukikosea dakika mbili, umekosea kusini kwa nyuzi 2 na nusu. Katikati ya Machi na mwisho wa Septemba kivuli chenyewe hakipo.

Tumia magharibi. Karibu na ikweta jua huzama wima, kama jiwe kisimani, na katika saa ya mwisho mwelekeo wake haubadiliki hata nyuzi 2. Katikati ya Februari linazama nyuzi 13 kusini ya magharibi. Ning'iniza timazi, chora kwa chaki mstari wa kivuli chake jua likiwa limebakiza nyuzi 10 hivi, yaani upana wa ngumi ukinyoosha mkono. Kwa skwea ya fundi chora, kuanzia kwenye timazi, mstari wa mita 1 unaokata ule wa kwanza kwa pembe mraba, kuelekea kushoto kwako ukiwa umelikabili jua. Mwisho wa mita hiyo sogea sentimita 23 kuelekea upande wa jua, tia alama. Kutoka kwenye timazi hadi kwenye alama ndiyo kusini. Hiyo 23 ni ya wiki hii tu. Ikifika Machi 20 ni sifuri, Desemba ni 43, na Juni ni 43 pia lakini unasogea kuliacha jua.

Kuhakiki usiku, mababu walishaacha jawabu ndani ya lugha. Suheli ni jina la nyota na ni jina la kusini. Wiki hii Suheli, ambayo ramani huiita Canopus, inavuka kusini kamili kama saa tatu usiku, nyuzi 40 juu ya upeo, na mwelekeo wake husogea moja ya tano ya nyuzi kwa dakika. Mara sita polepole kuliko lile jua la adhuhuri.

Yote hayo yanakufikisha ndani ya nyuzi 1. Haitoshi. Kosa la nyuzi 1 linaweza kuisogeza nyota karibu sekunde 16 za tao kwa kila dakika (dakika ya tao ni 1/60 ya nyuzi, na sekunde ya tao ni 1/60 ya dakika hiyo); kosa la dakika 5 za tao linaisogeza 1.3. Kwa darubini ya urefu wa fokasi milimita 400 na kamera yenye pikseli za maikromita 3.76, kila pikseli ni sekunde 1.9 za tao, kwa hiyo picha ya dakika 5 itavutika pikseli tatu na zaidi. Ukiongoza kwa kamera ya pili utaificha hitilafu ya katikati ya picha, lakini pembeni nyota zitazunguka.

Basi tazama nyota ikihama. Kwa kushoto na kulia, tumia nyota iliyo karibu na ikweta ya anga (mstari wa mbinguni ulio juu ya ikweta ya dunia) na iliyokwisha kuvuka mstari wa kaskazini-kusini, isije maunti ikataka kugeuka katikati ya kazi. Wiki hii Mintaka, ya mkanda wa Jabari, inavuka saa mbili na dakika 8 usiku, nyuzi 2 tu kaskazini ya utosi. Ikihama kuelekea kaskazini, ncha ya kusini ya mhimili imekwenda mashariki mno. Ikihama kusini, imekwenda magharibi. Kisha kwa juu na chini chukua nyota ya mashariki iliyopanda nyuzi 25 hadi 30. Saa tatu kasorobo Regulus inafaa. Ikihama kusini, mhimili umeinuka mno. Ikihama kaskazini, umelala mno. Ukitumia nyota ya magharibi, geuza. Rudia yote mara ya pili, kwa sababu bolti moja huisumbua nyingine, hasa stendi ikiwa imeinamishwa. Na ukimaliza kurekebisha urefu, mguso wa mwisho uwe wa kupandisha, sio wa kushusha, ili uzito uibane bolti badala ya kuiacha hewani.

Programu ya PHD2 ina chombo cha kukupimia uhamaji huu, na N.I.N.A. ina nyongeza inayopiga picha sehemu tatu za anga bila kuhitaji ncha. Zote bure. Ile njia ya kupiga picha ya ncha yenyewe achana nayo, utakuwa unapiga picha ya bahari.

Kosa linalopoteza usiku mzima ni dogo: kwenye kidhibiti cha mkononi umeandika latitudo 2 na dakika 16, herufi ikabaki N ya kaskazini badala ya S ya kusini. Mota inazunguka kinyume. Nyota hazivutiki kidogo, zinakimbia sekunde 30 za tao kwa kila sekunde, mara mbili ya mwendo wa anga. Ukiona mistari mirefu namna hiyo, usifungue gia. Angalia herufi.

Mistari mifupi inayokwenda na kurudi ni jambo jingine. Tazama grafu ya uongozaji. Kama wimbi linajirudia kila dakika 8, ni gia ya parafujo ya maunti yenye meno 180. Yenye meno 135 hujirudia kila dakika 10 na nusu hivi. Huo ni umbile lake, uongozaji utalituliza. Mhimili wa pili ukihama na usirudi ingawa programu inausukuma, gia ina mchezo, yaani meno hayajabanana: ikaze kwa robo ya robo ya mzunguko, jaribu, kaza tena. Ikianza kulia kwa sauti nyembamba umepitiliza. Mimi hupendelea kuacha mchezo kidogo na kuongoza upande mmoja tu. Na kama grafu inaruka ovyo bila mpango, ni upepo, waya unaovutwa, au mtu anatembea.

Kutembea kuna uzito wake huku. Nyumba ya kiamu ina sakafu ya juu ya matumbawe na chokaa iliyolala juu ya boriti za mikoko, na katikati ya chumba boriti hizo hunesa. Jicho halioni, lakini nyota kwenye kioo cha kompyuta hucheza kila hatua. Isogeze stendi karibu na ukuta, pale vichwa vya boriti vilipoingia ndani ya jiwe. Ukingo wa kaskazini mashariki ukinge kaskazi, na miguu usiirefushe. Anayetaka kwenda kuchota maji asubiri picha iishe.

Ufukweni hakuna boriti, kuna mchanga unaodidimia. Weka ubao wa sentimita 30 kwa 30 chini ya kila mguu, uukanyage hadi ukome kushuka. Mchanga mbichi ni imara zaidi, lakini kumbuka kiza cha mwezi ndicho bamvua: usiku mweusi tunaoungojea ndio maji hupanda juu kuliko siku nyingi. Soma jedwali la maji kabla ya ramani ya nyota.

Umeme: maunti inapokimbia kutafuta nyota hunywa hadi ampea 3. Waya wa mita 5 wenye unene wa milimita 0.75 za mraba utakula volti 0.7 njiani, na betri ya volti 12 iliyochoka itaifikisha chini ya 11. Hapo mota inakwama, inaguna, inapoteza hesabu ya mahali ilipo, na wewe unaapa gia imekufa. Waya wa milimita 2.5 za mraba hula 0.2 tu.

Ukimaliza, usiifunike ikiwa na umande. Futa chuma kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa, kisha kikavu. Bolti za latitudo zipake grisi nyembamba. Lenzi usiiguse kwa kanga. Ingiza yote kwenye sanduku lenye chembe za kukaushia, na uziandike tarehe, maana kwa hewa ya Shela hushiba mapema.