Nilivyomkamata mchawi wa upepo kwenye kompyuta

Nilitaka kompyuta inionyeshe gesi iliyovuja mjini itaelekea wapi. Nilianza na kielelezo cha zamani cha hesabu kiitwacho cha Gauss, kinachochora gesi kama mkia wa moshi uliofuata upepo moja kwa moja. Kwenye uwanja wazi hakina tatizo. Mjini kiliipitisha gesi kwenye kuta kana kwamba nyumba zote zimejengwa kwa chandarua.

Nikahamia programu inayoigawa hewa katika vijisanduku na kukokotoa upepo ndani ya kila kimoja. Kabla ya kugusa mitaa, niliijaribu kwa mtihani wenye majibu: jaribio halisi la uwanjani liitwalo MUST, la mwaka 2001, makontena 120 yaliyopangwa safu safu kwenye jangwa la Utah, Marekani, mfano wa mji mdogo. Gesi ya propilini iliachiliwa, vihisio vikapima kiasi kilichofika kati ya makontena.

Kompyuta ilinguruma siku mbili, ikatoa upuuzi. Nikadhani vijisanduku ni vikubwa. Nikavipunguza hadi mashine ikagoma. Upuuzi ule ule. Mwishowe, kwa hasira zaidi kuliko akili, nikafuta makontena yote na kupuliza upepo juu ya ardhi tupu. Hapo mchawi akajitokeza. Upepo niliouingiza ukingoni mwa eneo ulikuwa ukibadilika njiani na kuongeza kasi karibu na chini, kwa sababu ardhi ndani ya programu ilikuwa laini kuliko ile niliyoitumia kuupangia kasi. Na kontena lina kimo cha mita mbili na nusu hivi. Kosa lilikaa kwenye kimo hichohicho.

Kurekebisha kulichukua dakika kumi. Nilipoyarudisha makontena, upepo ukaja kwa mshazari lakini wingu likajipinda kufuata vichochoro, kama lilivyofanya jangwani. Zaidi ya nusu ya makadirio yangu yaliangukia kati ya nusu na mara mbili ya vipimo. Asiyeijua kazi hii atacheka, ila kwetu huko ni kufaulu.

Ndipo nikaweka mtaa: majengo marefu pande zote mbili, upepo ukivuka juu ya mapaa. Chini barabarani hewa ilijizungusha ikarudi kinyume, ikairundika gesi kwenye ukuta wa jengo la upande unakotoka upepo. Anayetazama bendera ya paani ili akimbie kuukabili upepo angekimbilia hukohuko.

Klorini, gesi ya sumu, bado sijaithubutu. Ni nzito karibu mara mbili na nusu ya hewa, hutambaa chini, na hesabu zake ni nyingine kabisa.