Kumbukumbu ya mradi: rubani kuhama kutoka ndege ya Cessna 172 kwenda Mooney M20J, sehemu ya kushuka

Hali ya mradi: kupaa na kusafiri kumeshakaa sawa. Sasa ni kushuka na kupunguza kasi, na hapa ndipo penye kazi yote ya kuhamia ndege hii. Kasi zilizoandikwa hapa ni za noti (maili za bahari kwa saa) zinazosomwa kwenye dashibodi. Hutofautiana kulingana na mwaka ndege ilipotengenezwa, kwa hiyo kitabu cha ndege yako ndicho chenye neno la mwisho.

Kwa nini haipungui kasi

Injini ya 172S ina nguvu ya farasi 180, ya M20J ina 200. Farasi 20 haziwezi kuleta tofauti ya noti zaidi ya 30. Tofauti hiyo inatokana na umbo: magurudumu yanakunjwa ndani, mabawa hayana nguzo, na hewa inapita bila kukwama popote. Basi kile kinachoipa kasi ndicho kinachoizuia isiiache. Kwenye 172 ukirudisha mkono wa nguvu, miguu ya magurudumu iliyo nje inafanya kazi ya breki. Kwenye Mooney hakuna breki hiyo mpaka uitoe mwenyewe, na kuitoa kuna kikomo cha kasi.

Nishati ya mwendo huenda kwa kasi mara kasi. Ndege inayoingia karibu na uwanja kwa noti 150 ina nishati mara 1.86 ya uzito uleule ukienda noti 110. Ukiinamisha pua ili uwahi kushuka, unabadilisha mwinuko kuwa kasi, wala hujapunguza kitu. Kushuka na kupunguza kasi ni kazi mbili, na Mooney ikiwa imekunja miguu haizifanyi zote kwa pamoja.

Hesabu: uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Malindi

Safari ni zaidi ya maili 220 za bahari, mwinuko futi 9,500. Malindi iko karibu usawa wa bahari, na mzunguko wa kutua, yaani njia ya kuzunguka uwanja kabla ya kutua, tumeuweka futi 1,100. Za kuteremka ni futi 8,400. Kwa futi 500 kwa dakika, kiwango ambacho masikio ya abiria wengi yanakivumilia, ni dakika 17.

Kwenye 172, ukienda noti 120 juu ya ardhi, dakika 17 ni maili 34. Kwenye M20J wakati wa kushuka unakwenda kama noti 165, yaani maili 2.75 kila dakika, na dakika hizohizo ni maili 47. Ongeza maili 5 za kuruka bila kushuka ili kasi ipungue. Jumla ni 52. Rubani aliyezoea kuanza kushuka maili 34 kabla atafika juu ya ufuo akiwa bado na maelfu ya futi mkononi.

Kurudi Wilson hesabu inageuka. Uwanja uko kama futi 5,500, mzunguko futi 6,500, na ukitoka futi 10,500 unateremka 4,000 tu: dakika 8. Ila hewa ni nyepesi, kwa hiyo noti 150 kwenye dashibodi ni kama 175 za kweli. Hiyo ni maili 23, na 5 za kupunguza kasi, 28. Msimu wa kusi upepo ukikusukuma mgongoni kwa noti 15, ongeza 2. Anza maili 30 kabla.

Nguvu wakati wa kushuka

Kanuni inayofaa kuanzia: ukishikilia kasi ileile, kila inchi moja ya presha ya manifoldi (presha ya hewa inayoingia kwenye injini, hupimwa kwa inchi za zebaki) unayopunguza inakupa kama futi 100 kwa dakika za kushuka. Punguza inchi 5, unapata 500.

Kinachowakosesha wengi ni kwamba presha ya manifoldi haitulii. Hewa inazidi kuwa nzito unaposhuka, na kama hujagusa mkono wa nguvu inapanda karibu inchi moja kila futi 1,000. Ukiuacha tangu futi 9,500 mpaka 4,500 umejiongezea inchi 5, yaani umefuta kila ulichopunguza, na yote yameingia kwenye kasi. Kwa hiyo kila futi 1,000 rudisha inchi moja na usogeze mchanganyiko wa mafuta uelekee utajiri kidogo, yaani mafuta zaidi kwa hewa. Kurudisha polepole namna hii pia kunaipa injini nafasi ya kupoa taratibu.

Tao la kijani kwenye kipima kasi, yaani eneo la kasi za kawaida, linaishia karibu noti 175. Mchana, hewa ya chini ya mawingu inayotikisika si mahali pa kukaribia mwisho huo. Punguza kasi ukiwa bado juu ya mawingu, kwenye hewa tulivu, kabla hujaingia kwenye mtikisiko.

Milango ya kasi

Tumeacha kufikiria "nikifika karibu" na badala yake tunatumia milango. Maili 5 kutoka uwanjani ndege iko kwenye mwinuko wa mzunguko, pua sawa, nguvu inchi 15 hadi 17, na kasi inashuka. Chini ya noti 132, miguu inaruhusiwa kutoka. Chini ya 112, flapu, yaani vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua.

Miguu kwanza, flapu baadaye. Miguu ikitoka kuna mngurumo wa mota chini ya sakafu, pua inataka kuinama, na kasi inaanza kuanguka kama ya ndege uliyoizoea. Taa ya kijani haitoshi. Inama uangalie kidirisha kidogo cha sakafuni: mistari miwili ikikutana sawasawa, miguu imefungwa mahali pake. Ikiwa imepishana hata kidogo, usihesabu kuwa imefungwa. Kisha kwa sauti: mafuta, magurudumu, mchanganyiko, propela, mikanda. Irudie tena ukiwa fainali, yaani kwenye mstari wa mwisho ulionyooka kuelekea njia ya kutua.

Kwenye upande ulio sambamba na njia ya kutua lengo ni noti 90, miguu nje, flapu ya kwanza, kama inchi 17. Kasi ikiwa bado 110 usigeuke. Nyoosha mbele mpaka ipungue, kwani kona inayofanywa kwa kasi kubwa inapitiliza mstari wa fainali, na hapo ndipo mtu anaposhawishika kuvuta na kuzidisha ulalo ndege ikiwa chini.

Ukiwa juu bado

Waongoza ndege wakikuacha juu, punguza kasi iwe chini ya noti 132, toa miguu, nguvu inchi 15: utapata futi 1,000 kwa dakika au zaidi bila kasi kupanda. Ikiwa haitoshi, omba duara moja. Duara la kawaida ni dakika 2, na kwa futi 500 linakula futi 1,000. Kuinamisha pua na kutumaini ndiyo njia mbaya kuliko zote.

Fainali

Kitabu kinatoa kama noti 71 kwa uzito kamili wa pauni 2,740 na flapu zote. Watu hukosea mara mbili hapa. Kwanza wanaongeza noti 5 "za usalama", kumbe wameongeza asilimia 15 ya nishati. Pili wanasahau uzito. Ukiwa watu wawili na mafuta nusu, tuseme pauni 2,200, kasi inayolingana ni karibu 64. Anayekuja na 76 kwa uzito huo ana noti 12 za ziada, na bawa la chini lililo karibu na lami litaifanya ndege ielee mbali sana.

Usiisukume iguse ardhi. Raba za miguu ya Mooney ni ngumu, inaruka, na mruko wa pili na wa tatu hukua mpaka propela, ambayo imebakiwa na nafasi ndogo juu ya ardhi, inapiga lami. Ikiruka mara moja, ongeza nguvu uende tena. Jiandae: trimu ya Mooney, kifaa cha kusawazisha pua ili usishikilie usukani kwa nguvu, huinamisha mkia wote, na ukiweka nguvu yote huku trimu ikiwa ya kutua, pua inapanda kwa nguvu. Isukume kwa mkono kwanza, kisha zungusha trimu.

Kilichobaki

Kupima upunguaji wa kasi ukiwa futi 3,000 au zaidi juu ya ardhi, pua sawa, inchi 15: sekunde kutoka 150 hadi 132, kisha kutoka 132 hadi 90 miguu ikiwa nje. Mara tatu ukiwa mwepesi, mara tatu ukiwa mzito. Sekunde hizo mara 2.5 gawanya kwa 60 ni maili, kwa kukadiria. Zikizidi 5 kwa jumla, mlango wa kwanza unasogezwa nje.