Maji ya Julai

Basi letu la kutoka Mtwara lilizimika Ndanda saa tatu asubuhi. Kondakta alisema fundi anatoka Masasi, tukajua hiyo ni nusu siku. Abiria wakaitafuta miti yenye kivuli. Mimi nilimfuata mama mmoja aliyebeba beseni la ming'oko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, bado ya moto."

Kwa wasioijua, ming'oko ni mizizi ya porini, myembamba, inachimbwa kiangazi na kuchemshwa. Hakuna kinachonirudisha nyumbani haraka kama chakula hicho. Nilimuuliza imechimbwa wapi. Akanyoosha kidevu kuelekea mteremko wa uwanda wa Makonde, kule nyuma ya misheni ya Wabenediktini iliyopo tangu mwaka 1906.

"Huko juu, njia ya maji yanakoanguka."

Maji yanayoanguka, mwezi Julai? Kutoka Mtama hadi pale nilikuwa nimeona vumbi tu. Alinisoma usoni, akamwita mjukuu wake. "Mpeleke kaka yako akaone."

Tulipita mikorosho, tukapita mihogo, na njia ikaanza kupanda. Kwa muda ilikuwa jua na mchanga. Halafu tukaingia kwenye korongo na joto likakatika ghafla, kama tumefungua mlango wa nyumba ya udongo. Miti ilifungamana juu yetu, ardhi ikawa nyeusi na laini, mawe yakavaa ukoga wa kijani unaoteleza. Nilivua viatu. Kijana alisimama mara moja tu, kunionyesha shina la mng'oko lililokauka likijizungusha kwenye mti. Bila yeye ningelipita nikidhani ni kamba. Kisha akainua kidole: sikiliza.

Hayakuwa maporomoko makubwa. Mnazi mchanga ungeyazidi urefu. Lakini yalishuka meupe, bila kupumzika, juu ya jiwe lililolainika kwa miaka, na hewa yake ilinilowesha uso kabla sijafika. Nilikaa hapo nikashindwa kusema.

Bibi yangu ni wa Newala, juu ya uwanda huohuo. Kule mchanga hunywa mvua yote. Maji huzama chini kabisa hadi yakutane na tabaka gumu, ndipo yatokee pembeni, kwenye miteremko kama huu. Kabla ya maji ya bomba kupandishwa uwandani, wanawake waliamka jogoo la kwanza, wakashuka mabondeni, wakapanda tena na mitungi kichwani. Bibi alinisimulia hayo tangu utoto, nami nikidhani kwao mvua haikunyesha. Kumbe ilinyesha. Ilimpita chini ya miguu, chini ya mihogo yake, ikaenda kutokea mbali. Nilikasirika kwa ajili yake, nikiwa nimekaa peke yangu mbele ya maji mazuri kiasi kile.

Kijana alikunywa kwa viganja, nami nikanywa. Baridi yake ilifika kwenye meno. Nikajaza chupa yangu ya lita moja na nusu, tukashuka mbio kwa sababu honi ilikuwa inalia.

Newala niliingia usiku. Bibi alikunywa bilauri mbili bila kuweka chini, akafuta mdomo kwa ncha ya khanga, akaniuliza njia ya kushukia huko ina mawe au ina mchanga.