Umerudi na wifi au na shemeji?

Ukirudi nyumbani na mke baada ya miaka ughaibuni, dada zako watauliza, “Wifi yuko wapi?” Rafiki zako wa kiume watauliza, “Shemeji hajambo?” Anayeulizwa ni mtu yuleyule. Neno limebadilika kwa sababu muulizaji ni mwingine, na hapo ndipo wengi wetu tuliorudi hujikwaa, maana ulimi umezoea lugha yenye neno moja kwa wote hao.

Wifi ni uhusiano wa wanawake wawili, na kati yao yupo mwanamume aliye kaka wa mmoja na mume wa mwingine. Huitana hivyo pande zote mbili. Mwanamume hana wifi hata mmoja: mke wa kaka yake ni shemeji, na ndugu wote wa mkewe, wa kike kwa wa kiume, ni shemeji. Mume wa dada yako naye ni shemeji, uwe mwanamke au mwanamume.

Wanaume waliooa dada wawili ni wanyumba. Wanawake walioolewa na ndugu wawili, katika familia nyingi za Bara, huitana “mke mwenzangu”, kwa hiyo usikimbilie kudhani kwamba wana mume mmoja.

Sema “shemeji yangu amefika”, wakiwa wengi “shemeji zangu wamefika”.

Watoto waliozaliwa nje ndio huchanganyikiwa zaidi, na inauma kuwasikia wakiita kila mwanamume neno moja la kigeni. Waonyesheni picha kabla ya safari. Dada wa baba ni shangazi, ingawa kwa mama ni wifi. Kaka wa mama ni mjomba. Dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo, kutegemea nani kati yao alitangulia kuzaliwa.

Ukimwita mchumba wa rafiki yako shemeji, umemweka mahali pa mke wa ndugu yako, na utaheshimu mpaka huo. Kenya neno limefika hadi uwanjani: mechi ya soka ya Gor Mahia, timu yenye asili ya Wajaluo, na AFC Leopards, yenye asili ya Waluhya, huitwa ya mashemeji, kwa kuwa jamii hizo mbili zimeoana sana.

Shemeji hutaniwa, mkwe hataniwi. Lakini shemeji aliyekuzidi umri mwamkie kwanza, “Shikamoo, shemeji,” umngoje yeye aanze utani.